Ijumaa ya Kunong'ona

Mama Kipaza alipewa jina hilo kanisani, siku umeme ulipokatika katikati ya ibada. Yeye aliendelea na wimbo bila kipaza sauti chochote, na watu waliokaa nje mpaka getini wakasikia kila neno. Tangu hapo hata mchungaji alimwita hivyo. Alikuwa fundi wa kushona, mjane mwenye binti mmoja, na sauti ile hakuitafuta. Alizaliwa nayo kama wengine wanavyozaliwa na miguu mikubwa. Akiomba chumvi mezani, jirani alileta ya kwake.

Chumba cha kushonea alikuwa anakitumia pamoja na shoga yake, Bi Pindo. Cherehani mbili zilitazamana, katikati meza ya kukatia vitambaa, na sakafuni vipande vya rangi zote ambavyo hakuna aliyekubali kuvifagia. Bi Pindo alikuwa mwanamke mwembamba, Mwislamu wa kuswali kwa wakati, mpole wa mikono na mkali wa ulimi. Mjini kote hapakuwa na mtu wa kukunja pindo kama yeye.

Habari za dini walizizungumza kila siku ya Mungu, wala hawakuwahi kukosana.

"Nguo tatu ni nguo tatu, shoga," Bi Pindo alikuwa akisema huku meno yameuma pini. "Mteja akileta tatu ukamrudishia moja, ukamwambia ndizo hizohizo, si atakupeleka polisi?"

"Na wewe umetoka kuoga sasa hivi," Mama Kipaza alimjibu, "unakwenda kuosha miguu tena ili usali. Kwani Mungu anakagua vidole?"

Walicheka, wakaendelea na kazi. Ukweli ni kwamba kila mmoja alimpenda mwenzake na kumwonea huruma. Na kwa siri, bila mmoja kujua siri ya mwenzake, wote wawili walishapanga kwamba siku ya mwisho, mambo yatakapokuwa magumu pale mlangoni, watasogea mbele na kusema: huyu mwachieni, yuko na mimi.

Basi siku moja binti yake Mama Kipaza akaingia, akaufunga mlango nyuma yake, akasimama kama mtu aliyevunja kitu.

"Mama, nimepata mchumba."

Mama Kipaza akapiga kigelegele. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akaja mbio na nyundo mkononi akidhani kuna moto. Aliporudishwa kwake, maswali yakaanza. Anafanya kazi gani? Fundi friji. Anakunywa? Maji tu. Ana wazazi? Wapo, na bibi yupo.

"Dini gani?" akauliza Bi Pindo, na cherehani yake ikanyamaza.

Binti akatazama sakafu. "Watu wa Pumziko."

Hawa walikuwa kikundi kidogo, familia chache tu upande wa pili wa mji. Watu waliwaita Wanong'onaji. Imani yao ilikuwa hivi: Mungu alifanya kazi siku sita, ya saba akapumzika, na tangu hapo kila wiki siku ya saba hupumzika tena. Kwa hiyo siku hiyo hawamwombi chochote, wasije wakamsumbua. Hawasali, hawaimbi, hawafanyi kazi. Tangu alfajiri hadi jua linapozama wananong'ona.

"Ngoja kwanza," alisema Mama Kipaza. "Wananong'ona ili Mungu asiamke?"

"Ndiyo, Mama."

"Mungu! Aliyeumba radi!"

"Astaghafirullah," alisema Bi Pindo, akaweka mkasi chini. "Kwetu Mungu hasinzii hata kidogo."

"Hata kwetu!" alisema Mama Kipaza.

Wakatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, walikuwa wa dini moja: dini ya kuwashangaa Watu wa Pumziko.

"Na hiyo siku ya saba ni ipi?" Bi Pindo akauliza.

"Ijumaa."

"Ijumaa ni yetu!"

"Wao wanasema hesabuni wenyewe, Mamdogo. Jumamosi ndiyo ya mosi. Jumapili ya pili. Endelea hivyohivyo mpaka ya saba."

Bi Pindo akahesabu kwa vidole, midomo ikimcheza. Alipofika Ijumaa akakiangalia kidole kile kama kimemsaliti. Mama Kipaza akacheka mpaka akakumbuka kwamba Jumapili, siku yake mwenyewe ya Bwana, kwa hesabu hiyo ilikuwa siku ya kuanza kuchoka tu, na kicheko kikamkwama.

"Wanatualika nyumbani," alisema binti. "Ijumaa."

"Kwa nini Ijumaa?"

"Baba yake anasema mgeni wa heshima hapokelewi siku ya kazi. Mama, tafadhali. Utaweza?"

"Nitaweza nini?"

Binti akajiwekea kidole midomoni.

Wiki nzima Mama Kipaza alifanya mazoezi. Alifumba macho, akavuta pumzi, akanong'ona, "Hamjambo, wazazi wenzangu," na kutoka ng'ambo ya barabara fundi viatu akaitikia, "Hatujambo!" Akajaribu kuziba mdomo kwa khanga. Akajaribu kuongea kwa kuvuta pumzi ndani badala ya kuitoa, akapaliwa. Mwishowe Bi Pindo akakata shauri: atakwenda naye kama mama mdogo wa bibi harusi mtarajiwa, na atakuwa msemaji. Mama Kipaza atatumia macho.

"Na ukibanwa na neno," alisema Bi Pindo, "chezesha midomo bila sauti. Nitakuelewa."

Ijumaa alasiri wakafika. Mlango ulifunguka bila mlio wowote. Bawaba zilikuwa zinang'aa kwa mafuta. Ndani walivuliwa viatu, wakapewa kandambili za kitambaa kinene zilizofanya kila mtu atembee kama paka. Miguu ya meza na viti ilivishwa soksi za watoto. Baba wa kijana alikuwa fundi saa, na saa zilijaa ukutani toka dari mpaka usawa wa kiti, kubwa kwa ndogo, zote zimesimamishwa. Zile sura zote kimya, kila moja na saa yake, zilimfanya Mama Kipaza ajisikie ameingia kwenye mkutano na amechelewa.

Fundi saa alikuwa mtu mfupi, mwenye adabu, mwenye kichwa cha upara kilichong'arishwa kama bawaba. Mkewe alikuwa mkunga, mwanamke mpana wa mabega ambaye siku sita za wiki aliwaambia wajawazito "Sukuma!" kwa sauti ya jeshi, na ya saba alinong'ona. Kijana mwenyewe, fundi friji, alikaa kwenye ukingo wa kiti akitoka jasho. Na kwenye kona, juu ya mito mitatu, alikaa bibi, mama mzazi wa fundi saa, mdogo kama mtoto, macho makali kama ya ndege.

"Bibi hasikii," kijana alinong'ona. "Miaka mingi sasa."

"Pole yake," alinong'ona Bi Pindo.

"HAKUNA POLE," alisema bibi, na glasi kabatini zikalia. "NASHUKURU MUNGU."

Mama Kipaza akaruka kwenye kiti. Kumbe bibi, kwa kutosikia, hakujua sauti yake ilikuwa na ukubwa gani. Fundi saa alieleza kwa kunong'ona, uso umejaa aibu, kwamba wazee wao walishakaa kikao juu ya jambo hilo, wakaamua bibi amesamehewa.

Chai ikaja kwenye vikombe vya mbao, na biskuti. Wenyeji walichovya biskuti zao kwenye chai, wakasubiri zilainike, ndipo wakala. Bi Pindo, ambaye mawazo yake yalikuwa kwenye usemaji, akauma ya kwake kavu.

Ilipasuka kama tofali. Wenyeji wote, kwa pamoja, wakatazama dari.

Bi Pindo akabaki na biskuti mdomoni, hawezi kutafuna, hawezi kutema, macho yamemtoka. Mama Kipaza alimwona, na kitu kikaanza kumtekenya kuanzia tumboni. Ni kile kicheko cha kwenye msiba, kisicho na adabu, kinachokua kadiri unavyokikanyaga. Ili kukipunguza kidogo akamgeukia shoga yake, akachezesha midomo bila kutoa hata chembe ya sauti: shoga, hawa watu wamerukwa na akili, lakini chai yao tamu.

"ANASEMA TUMERUKWA NA AKILI!" alisema bibi kutoka kwenye kona. "LAKINI CHAI YETU TAMU!"

Nyumba ikaganda.

Mtu asiyesikia, aliyeishi miaka yote hiyo kati ya watu wa kunong'ona, atasoma nini kama si midomo? Hilo Mama Kipaza alilifikiria baada ya mambo kuharibika. Binti yake alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili. Fundi saa aliangalia kikombe chake.

Mkunga akamwinamia mumewe kwa hasira na kunong'ona kitu, na kwa hasira hiyo akasahau kuziba mdomo.

"MKAZA MWANANGU NAYE ANASEMA, WAO WANATUCHEKA SISI, NAO WANAMLA MUNGU WAO KISHA WANASHUSHIA NA DIVAI!"

"Mama!" alinong'ona fundi saa akipunga mikono.

"NA YULE MWEMBAMBA," bibi aliendelea kwa furaha, akimtazama mwanawe, maana kwa muda mrefu hakuwa amepata wageni wenye midomo mizuri hivi, "JANA ULISEMA WATU WAKE WANASHINDA NA NJAA MWEZI MZIMA, HALAFU MWEZI UKIISHA WAMENENEPA!"

Macho yote yakamgeukia Bi Pindo. Bi Pindo akameza biskuti. Akafikiri. Akanong'ona, "Hilo la kunenepa ni kweli."

"ANASEMA NI KWELI!"

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka. Aliyeanza ni mkunga. Mabega yale mapana yakaanza kutikisika, akachukua mto wa kochi akaukandamiza usoni. Kijana akainama mpaka kichwa kikafika magotini. Bi Pindo alilia machozi bila sauti, akipiga paja lake kwa ncha za vidole. Mama Kipaza naye alishika mto, akauziba uso, akajaza khanga mdomoni, akafikiria mazishi ya mumewe, akafikiria kodi ya chumba, na havikusaidia kitu. Kicheko kilimrudisha nyuma kwa nguvu, mgongo wake ukagonga ukuta, na saa kubwa ya mbao juu ya kichwa chake ikashtuka. Ikaanza kutembea. Kisha, kwa sababu inazozijua yenyewe, ikaanza kugonga.

Fundi saa akaruka juu ya kochi na kuikumbatia kama mtu anayekamata kuku. Alipofanikiwa kuinyamazisha alikuwa amebaki na kandambili moja, upara umelowa, na alipoteremka watu waliona kwamba mtu yule mwenye adabu alikuwa anacheka kuliko wote, kicheko chembamba cha puani kama birika linalochemka.

Ilichukua muda nyumba kutulia. Kila walipofikia kutulia, mmoja alimtazama mwenzake wakaanza upya.

Mwishowe fundi saa akaenda dirishani, akachungulia mbingu kwa wasiwasi wa kweli, akarudi. "Bado kimya," alinong'ona.

Mama Kipaza akafuta macho. Hakuwa na haja tena ya kuficha, na kunong'ona kwake sasa kulitoka vizuri kidogo kwa sababu alikuwa amechoka. "Mzazi mwenzangu, samahani sana kwa maneno yangu. Lakini niambie kweli. Unaamini amelala?"

Fundi saa akavaa kandambili yake kabla ya kujibu. "Sijui kulala kwake kukoje. Mimi najua kwangu tu. Siku sita namlilia. Nipe hiki, niepushe na kile, mponye mama. Na si mimi peke yangu, ni dunia nzima. Basi siku moja namwacha. Nakaa naye tu, simwombi kitu."

Mama Kipaza hakuwa ametegemea kuguswa. Alimlea binti yake peke yake. Kwa miaka hakukuwa na asubuhi ambayo hakuitwa mama, mama, mama, kabla hajafungua macho. Akajiuliza kama kuna siku mtu yeyote alitembea kwa kunyata nje ya mlango wake ili apumzike. Hakuamini hata kidogo kwamba Mungu anachoka. Lakini alielewa jinsi mtu anavyoweza kumpenda mpaka akaogopa kumchosha.

"Kwetu hachoki," alinong'ona Bi Pindo, kwa upole.

"Huenda," alisema fundi saa. "Sisi hatutaki kumjaribu."

Mkunga akasogea mbele. Udadisi ulikuwa umemshinda. "Na hilo la kumla? Samahani, nauliza tu. Ni nini hasa?"

"Ni mkate," alinong'ona Mama Kipaza. "Lakini si mkate. Yaani, ni mkate mpaka wakati fulani. Baadaye macho yako yanaona mkate, na ulimi unaonja mkate..."

Mkunga alitikisa kichwa taratibu, kwa huruma, kama anavyomwitikia mgonjwa mwenye homa kali.

"NI MKATE LAKINI SI MKATE!" bibi alitangaza.

Mama Kipaza alilisikia jambo hilo, ambalo maisha yake yote alikuwa akipiga magoti mbele yake bila kufikiri, likitoka kwenye kinywa cha kikongwe asiyesikia, likiruka chumbani kama kuku aliyepotea njia. Lilikuwa jambo la ajabu sana. Jambo la ajabu kabisa! Hakuwa amewahi kuliona hivyo. Na aliliamini bado, labda zaidi ya asubuhi, akashangaa kwamba inawezekana.

"Shoga," alinong'ona Bi Pindo, "miaka yote hii hukuwahi kuniambia hilo la mkate."

"Hukuwahi kuuliza. Ulishikilia nguo tatu."

Wakati wakubwa wakishangaana hivyo, wakisogezeana vikombe na kuulizana mambo, hakuna aliyewaangalia vijana. Binti na fundi friji wake walikaa mbalimbali kama adabu inavyotaka, lakini midomo yao ilikuwa inacheza. Kuna mtu mmoja tu aliyekuwa anawatazama.

"HAWA WANAAMBIANA WATATOROKA!" alisema bibi. "JUMATATU! WAKAFUNGE NDOA SERIKALINI BILA NYINYI!"

"HAIWEZEKANI!" alipaza sauti Mama Kipaza.

Ilimtoka yote, ile sauti ya siku umeme ulipokatika. Mbwa wa mtaani akabweka. Mama Kipaza akajiziba mdomo, akatazama dari pamoja na wengine. Wakasubiri. Hakuna kilichotokea, isipokuwa bibi kwenye kona yake aliweka mkono kifuani, akasema, kwa mara ya kwanza kwa sauti ya chini, "Hiyo nimeisikia."

Lakini mkunga hakuwa na habari na dari tena. "Serikalini?" alimnong'oneza mwanawe kwa ukali wa kutosha kuchana kitambaa. "Mtoto wangu aoe mbele ya karani, kama mtu anayeandikisha baiskeli?"

"Bila dua!" alinong'ona Bi Pindo.

"Bila wimbo!" alinong'ona Mama Kipaza.

"Bila hata dakika moja ya kimya!" alinong'ona fundi saa.

Wazee wanne wakawageukia vijana wawili, bega kwa bega, wamekasirika kwa moyo mmoja. Binti alijaribu kusema kwamba walihofia dini zingegombana. Aliambiwa anyamaze, hakuna anayegombana hapa, na kama ni kugombana watagombana baada ya harusi, kwa nafasi.

Wakakaa kupanga. Ijumaa haikuwezekana, wangeimbaje? Jumapili Mama Kipaza alikuwa na kwaya asubuhi na mchana. Jumamosi mkunga akasema ndiyo siku watoto wanayopenda kuzaliwa, msiniulize kwa nini. Wakaangukia Jumatano, siku isiyo ya mtu. Kutakuwa na nyimbo za Mama Kipaza, kisha kimya cha Watu wa Pumziko, na Bi Pindo atashona gauni na kuomba dua yake mahali fulani katikati, bila kuulizwa na mtu. Mchungaji alikuwa bado hajaulizwa, wala wale wazee wa kikao. Hilo waliliacha kwa siku nyingine. Bibi akataka kujua kama kutakuwa na keki. Akaambiwa ipo. Akasema basi yeye amekubali.

Waliondoka jua likiwa bado halijazama, wakavaa viatu vyao nje kimyakimya, wakapunga mikono, wakatembea kwa heshima mpaka kona. Walipopita kona Bi Pindo akasimama.

"Shoga. Kumbe na wao wanatushangaa?"

"Wanatushangaa sana."

"Mimi siku zote nilijua wewe ni wa ajabu. Nao ni wa ajabu zaidi. Lakini mimi!" Akajigusa kifua. "Mimi nilidhani ni mtu wa kawaida!"

Wakaegemea ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, wakacheka kwa sauti zote walizokuwa wamezibana mchana kutwa, mmoja akimshika mwenzake asianguke. Mwenye duka akatoka, akatazama, akarudi ndani. Mtu mwenye baiskeli akateremka, akavuka ng'ambo kwa miguu.

Binti alitangulia hatua nyingi mbele, akitembea kama mtu asiyewafahamu. Kisha akarudi.

"Mama, kwa hiyo ni Jumatano kweli?"

Mama Kipaza alitaka kumjibu. Alifungua mdomo, akapunga mkono, akafungua tena, na sauti ikagoma kutoka. Akamvuta mwanawe kwa shingo, akambana kifuani pamoja na Bi Pindo, na binti akausikia mwili wote wa mama yake ukitikisika kwa kicheko, akakubali kuwa hilo ndilo jibu.